Refa wa Voliboli na Kazi ya Karatasi

Ndugu wanavikundi, hapa Mikinduri wengi wetu hudhani kazi ya refa ni kupuliza firimbi tu. Sivyo. Kabla ya mechi huhakikisha urefu wa wavu (wanaume mita 2.43, wanawake 2.24), hukagua uwanja na mipira, halafu hurusha shilingi mbele ya makapteni. Kocha na kapteni hutia sahihi karatasi ya alama, majina na namba zikiwa sawa.

Je, kapteni asiporidhika na uamuzi? Amwambie refa papo hapo kwamba atapinga. Mechi ikiisha, pingamizi liandikwe katika karatasi hiyo. Akinyamaza, basi, haki imempita.

Mwisho makapteni hutia sahihi, kisha refa. Ni kama daftari la kikundi chetu: lisiloandikwa huleta ugomvi.