Je, Wajua? Kondo Linapotangulia Kubanduka

Je, wajua kwamba mjamzito anaweza kuvuja damu nyingi bila hata tone moja kuonekana kwenye kanga yake? Kondo la nyuma likibanduka kabla ya mtoto kuzaliwa, damu huweza kujificha nyuma yake, ndani ya mji wa mimba. Mama hubaki na maumivu yasiyoachia na tumbo gumu kama ubao. Altrasaundi nayo hukosa visa vingi. Picha safi isimtulize mtu ambaye tumbo lake limekaza.

Karibu nusu ya visa hutokea kabla ya wiki 37, ndiyo maana mtoto akipona mara nyingi huwa njiti.

Je, wajua nani yuko hatarini zaidi? Hospitali ya KCMC, Moshi, ina daftari la uzazi lililoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Katika uzazi unaokaribia 40,000 wa miaka ya 2000 hadi 2010, kondo lilibanduka kwa akina mama 112. Kinara wa visababishi ni kifafa cha mimba na presha inayokitangulia. Wengine walio hatarini ni wenye presha ya siku nyingi, waliozaa mara nyingi, waliowahi kupasuliwa, waliowahi kubandukwa na kondo, na waliohudhuria kliniki mara chache. Hili la mwisho halibandui kondo lenyewe, lakini asiyefika kliniki nani atampima presha?

Wilaya za Handeni na Korogwe nazo zilikuwemo katika utafiti wa kondo: mwaka 2014 hadi 2016 watafiti waliandikisha wanawake zaidi ya 1,400 kabla hawajashika mimba, ili wachunguze jinsi upungufu wa damu unavyoathiri kondo na mtoto.

Halafu kuna hatari ya barabarani. Kijiji cha Makuyuni, huko huko Korogwe, kiko kwenye njia ya mabasi ya Moshi na Arusha. Gari likifunga breki ghafla, mji wa mimba hunyumbuka, kondo halinyumbuki, hivyo huweza kubanduka. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, kamwe usikatize kitovuni.

Ukiona damu, au tumbo likikaza lisiachie, usingoje kukuche. Wahi hospitali yenye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, hata kama kinachoonekana ni matone mawili.