Batli si kumbukumbu za mkutano

Majuzi nilihudhuria mkutano wa chama kimoja cha akiba na mikopo, si mbali na hapa Woodley. Mama mmoja aliyestaafu ualimu alisimama akadai kwamba miaka miwili iliyopita mtu alibadilisha nambari ya simu katika akaunti yake, kisha pesa zikatoka. Nikamuuliza kijana anayeshughulikia kompyuta za chama: ni nani aliyeibadilisha, na lini? Akanijibu kwa upole, "Prof, kumbukumbu hizo hufutwa baada ya siku 90. Kuziweka ni ghali."

Majibu yale yana makosa mawili, moja la lugha na moja la hesabu, na nadhani la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Tuanze na lugha. Kwa Wakenya wengi, kumbukumbu ni zile za mkutano. Katibu huziandika, kikao kinachofuata huzisoma, huzirekebisha, ndipo zikatiwa sahihi. Lakini kile alichokifuta kijana yule ni kitu tofauti kabisa: orodha ambayo mtambo hujiandikia wenyewe, mstari baada ya mstari, ikisema nani aliingia, saa ngapi, akagusa nini. Hii hairekebishwi. Ikirekebishwa hata mara moja imekufa, haina faida tena kwa mkaguzi. Vijana huiita logi. Mabaharia wetu wa pwani wana neno la zamani, batli, yaani daftari la safari ya chombo. (Neno la Kiingereza nalo lilitokana na kipande cha gogo kilichofungwa kamba na kutupwa baharini kupima mwendo wa meli, kwa hivyo tusidhani wenzetu walianza na kompyuta.) Mimi napendekeza tuseme batli za ukaguzi. Nahodha hafuti batli eti daftari limejaa.

Taifa hili linajua uzito wa jambo hili. Agosti 2017, katika kesi ya kupinga uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iwaruhusu walalamishi kukagua seva zake na batli zake. Tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi, na katika hukumu yao kamili kule kunyimwa batli kulihesabiwa dhidi ya tume. Karatasi za fomu zilibishaniwa sana, lakini kimya cha seva nacho kilisema mengi.

Sasa hesabu. Ghali ni kuziweka batli mahali pa kutafutiwa papo hapo, kwenye mtambo unaofaharasi kila neno. Humo ziache za miezi mitatu tu, maana ndizo zinazotumika kila siku. Nyingine zibanwe kwanza. Batli ni maandishi yanayojirudia mno, na zikibanwa mara nyingi hupungua hadi kama sehemu moja ya kumi. Kisha zihamishiwe ghalani. Amazon, kwa mfano, kwa bei yake ya Virginia, hutoza takriban dola 23 kwa mwezi kwa kila terabaiti katika hifadhi ya kawaida ya wingu. Katika hifadhi yake ya chini kabisa, Glacier Deep Archive, hutoza kama dola moja. Dola moja! Batli za chama kile haziwezi kufika hata nusu ya terabaiti.

Ghala, hata hivyo, lina masharti yake. Ukihitaji kitu husubiri saa 12 hivi, au hata 48 ukichagua njia ya bei nafuu zaidi, na kukitoa kunalipiwa. Ukikifuta kabla ya siku 180 utatozwa siku zote hizo. Tena kila faili huongezewa kilobaiti 40 za maelezo. Anayetupa humo mamilioni ya faili ndogondogo hulipia vibandiko kuliko mzigo, kwa hiyo batli za siku nzima zifungwe pamoja kwanza. La muhimu kuliko yote ni kufuli: wingu linaweza kuagizwa likatae kufuta faili mpaka muda uliowekwa uishe, hata anayeomba akiwa ndiye msimamizi. Wezi wengi wa ndani, jamani, wana nywila ya msimamizi.

Zikae muda gani? Sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 hutaka rekodi za kodi zikae miaka mitano. Ile ya kuzuia ulanguzi wa fedha hutaka angalau saba. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kukaa na habari za mtu kupita haja yake. Kwa hiyo tarehe ya kufuta nayo iandikwe mapema, mtambo uifuate, isiwe hiari ya mtu aliyeona bili.

Chama kimekubali kuhifadhi kwa miaka saba, kuanzia mwezi huu. Za mama yule hazipo. Wakaguzi wa nje wameombwa wajaribu kuisuka upya siku ile kutoka kwa taarifa za benki na risiti alizoziweka mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki.