Wa Kakamega, Diani pia ni kwenu

Kama unaweka akiba uende Diani, usitishwe na kuta za hoteli. Zina mabawabu na malango, lakini ufuo wenyewe ni wa umma. Ukizuiwa langoni, usibishane na wala usijione mdogo. Tafuta kijia cha umma katikati ya hoteli, ushuke nacho hadi baharini.

Kutoka Nairobi panda treni ya SGR. Itakushusha Miritini, kwa hivyo bado kuna matatu hadi feri ya Likoni. Feri haimtozi anayevuka kwa miguu hata ndururu. Ng'ambo panda matatu ya Ukunda, na ulale huko huko Ukunda: vyumba ni nafuu, tuktuk hadi ufuoni ni dakika chache. Patana nauli kabla ya kupanda! Ukitaka hoteli kabisa, nenda Mei, msimu wa mvua, kisha uitishe bei ya Wakenya, kitambulisho mkononi.

Maji yakipwa utatembea mbali juu ya miamba. Vaa viatu. Yakianza kujaa, rudi. Picha moja zaidi si ya kufia.

Ukunda ni kwa Wadigo, wengi wao Waislamu. Bikini ibaki ufuoni, sokoni jifunge leso. Mzee mwamkie shikamoo, "mulembe" utaitumia ukirudi nyumbani.

Ukiwa barabarani, tazama juu. Kuna ngazi za kamba walizofungiwa mbega wavuke bila kugongwa na magari. Ni binamu za wale wa msitu wetu.