Kufundisha Jinsi Sauti Inavyogeuzwa Kuwa Tarakimu

Katika mazoezi ya kufundisha, mtoto wa darasa la sita aliuliza: "Mwalimu, sauti ya bibi huingiaje ndani ya simu?" Mwalimu mwanafunzi alijibu kwamba hayo ni mambo ya sekondari. Mtoto yule hakuuliza tena. Sisi wakufunzi tuliokuwa nyuma ya darasa tuliona haya, kwani hatukuwa tumemwandaa mwenzetu kulijibu swali hilo.

Sauti ni mitetemo. Kinasa sauti cha simu huigeuza mitetemo hiyo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Simu huupima umeme huo tena na tena, na kila kipimo huwa tarakimu. Tarakimu hizo hufupishwa, husafirishwa, na simu ya pili huzirudisha kuwa sauti.

Je, yapasa kupima mara ngapi? Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon mwaka 1949, walioishi Marekani, waliweka msingi wa kanuni hii: idadi ya vipimo izidi mara mbili ya mitetemo ya kasi kuliko yote iliyomo. Simu za kawaida hupitisha mitetemo ipatayo 3,400 kwa sekunde, nazo hupima mara 8,000.

Kanuni hii yaweza kuonyeshwa darasani kwa jiwe na uzi wa meta 1. Lining'inize, lisukume, litakwenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Wanafunzi wafumbe macho, wayafumbue kidogo tu kila upigapo kofi. Kwanza, piga kofi kila jiwe lifikapo kulia. Watasema jiwe limesimama! Kisha piga kofi likiwa kulia, katikati, kushoto, na katikati tena. Sasa wataona linabembea. Jiwe halikubadilika, idadi ya vipimo ndiyo iliyobadilika. Waache waeleze wenyewe kabla hujataja kanuni.

Utafiti haujakoma. Mwaka 2006 Emmanuel Candès, Justin Romberg, Terence Tao na David Donoho walichapisha uthibitisho kwamba, iwapo mambo ya maana katika picha ni machache, vipimo vichache zaidi vyaweza kutosha. Njia hiyo imewapunguzia wagonjwa muda wa kulala ndani ya mashine zinazopiga picha za mwili kwa sumaku.

Mwalimu asiyejua jibu na aseme, "Tulitafute pamoja." Hilo halimvunjii heshima, kumnyamazisha mtoto ndiko kumvunjiako.