Vumbi ya kazi isilale nyumbani

Jioni baba anatoka shimoni. Mutoto anamukimbilia, anamushika miguu. Mama anapokea nguo ya kazi, anaipiga-piga mulangoni kusudi vumbi itoke, kisha anaifula. Hapa Kasulo tunaona hivyo kila siku. Lakini ndugu wasomaji, hatari inaingia kwa mulango ule ule.

Sikieni kwanza habari ya amianti. Ni jiwe lenye nyuzi nyembamba sana, halishike moto. Juu ya hiyo watu walilitia ndani ya mabati ya simenti na breki za motokari. Mwaka wa 1960, munganga J.C. Wagner na wenzake wawili wa Afrika ya Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33 wenye kansere ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu. Wengi wao hawakuwa wachimbaji! Kulikuwa mama wa nyumbani, kulikuwa wachunga ngombe. Wengine walicheza juu ya malundo ya mugodi wakiwa watoto. Mwaka wa 1965, kule London, wanganga wakakuta wanawake waliopata ugonjwa ule kwa kufula nguo za bwana zao.

Na ugonjwa huu hauna haraka. Unaweza kungoja miaka 20, 30, hata 40. Anayevuta vumbi ya amianti akiwa mutoto anaweza kugonjwa akiwa na watoto wake.

Vumbi ya Kasulo si ya amianti, tusichanganye. Ni ya kobalti na shaba, na uranium kidogo ndani. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba, watu walichimba hata ndani ya parseli. Mwaka wa 2018 wanganga wa Universite ya Lubumbashi na ya Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichopima: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi mwilini kupita watu wa kartiye nyingine, na watoto walizidi wakubwa. Mutoto hahitaji kushuka shimoni. Vumbi iliwafuata nyumbani.

Basi tufanye nini?

Vua nguo ya kazi inje, uilowanishe ndani ya maji mbele ya kuifula. Usiipige-pige. Oga mbele ya kubeba mutoto. Nyunyiza maji mbele ya kufagia. Mifuko ya mawe isikae fasi watoto wanalala. Kitambaa puani hakitoshi, vumbi ndogo inapita. Bati la zamani la simenti usilikate kwa musumeno wala kulivunja, maana linaweza kuwa na amianti. Na ukikohoa muda murefu ao kifua kikiuma, mwambie munganga kazi zote ulizofanya na fasi ulizokaa, hata kama ni miaka 30 imepita.

Ninyi vijana, saidieni mama kuchota maji ya kazi hii. Na wewe baba, mutoto akikukimbilia jioni, umwambie: "Ngoja kwanza, baba aoge." Atalia kidogo, lakini ni kwa faida yake.