Kutoboa Mfupa Ili Upone

Msomaji wa Tanga ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 14, aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza netiboli. Uvimbe uliisha, maumivu yakabaki. Eksirei haikuonyesha kitu. MRI ndiyo iliyofichua jeraha kwenye gegedu na mfupa ulio chini yake. Miezi ya plasta na mapumziko haikusaidia, na sasa daktari anataka kuutoboa mfupa huo. Mama anauliza: jeraha litaponaje kwa kuongezewa majeraha?

Mfupa wenyewe umekaa kati ya muundi na kisigino. Nitauita talusi, maana ukisema "mfupa wa kifundo" hapo inakutana mitatu. Zaidi ya nusu ya uso wake ni gegedu, nayo gegedu haina mshipa wa damu hata mmoja. Mwaka 1743 William Hunter aliwaambia wanasayansi wa Royal Society, London, kwamba ikiharibika hairudi.

Shida ni hiyo, na tiba yake inanifurahisha kila ninapoifikiria. Chukua shamba lililokauka juu ya mwamba. Maji yamejaa chini, ila mwamba umeyafungia. Mkulima akiupasua, yanapanda yenyewe. Katika talusi, maji hayo ni uboho. Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye tundu dogo la ngozi, hukwangua gegedu iliyokufa mpaka afikie kingo imara, kisha hutoboa vitundu vya kina cha milimita chache. Damu ya uboho huchuruzika na kuganda palepale, na ndani ya bonge hilo mna seli shina. Miezi ikipita, zinafuma kifuniko kipya. Zao lake ni gegedu ya nyuzinyuzi, isiyo nyororo kama ile ya kuzaliwa nayo, lakini shamba limeota.

Kwa vijana kuna ufundi mzuri zaidi. Mara nyingi gegedu yao ingali nzima, mfupa wa chini tu ndio uliodhoofika. Hapo kisima huchimbwa kutokea ubavuni au nyuma, keekee ikaishia chini ya gegedu bila kuigusa.

Majeraha makubwa, tuseme yanayozidi milimita 15, huweza kuhitaji kupandikizwa, na kipande kilicholegea hufungwa kwa skrubu.

Mama, kabla hujatia sahihi, muulize daktari: gegedu ya juu ni nzima au imepasuka? Uliza pia binti atatembelea magongo wiki ngapi, uitaarifu shule mapema.