Asiransi ya boti ya koperative: tusiangalie bei peke yake



Koperative nyingi za kando ya Ziwa Kivu ziko na boti ya motere ya kubebea kahawa, maharagwe na ndizi. Boti ikipotea, mavuno yanabaki ufukoni na deni la motere linabaki palepale. Ndiyo maana wasimamizi wanatuuliza: tuchukue asiransi gani?

Zamani hapakuwa na kuchagua, SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni zingine zilipata ruhusa ya ARCA, ofisi ya serikali inayosimamia asiransi. Kwa hiyo ombeni bei kwa kampuni mbili ao tatu, na kila moja ionyeshe ile ruhusa.

Kosa tunaloona ni kukimbilia bei ndogo. Tuchukue mfano wa kufundishia tu, si bei ya kampuni yoyote. Boti ni dola 2500, motere dola 1500. Kampuni ya kwanza inaomba dola 200 kwa mwaka, ya pili dola 280. Wengi watasema: ya kwanza! Lakini ulizeni franshize, ni kusema ile sehemu ya hasara mtakayobeba ninyi wenyewe. Kwa kampuni ya kwanza ni dola 400, kwa ya pili dola 100.

Boti inagonga jiwe, matengenezo ni dola 350. Kampuni ya kwanza hailipi kitu. Ya pili inalipa 250.

Motere inaibiwa. Ya kwanza inalipa 1100, ya pili 1400. Tofauti ni dola 300, na kwa kuipata mnalipa dola 80 zaidi kila mwaka. Kama wizi wa namna hiyo unawafikia mara moja katika miaka 3, ya pili ni nafuu. Kama miaka 6 inapita bila hasara, ya kwanza inafaa, lakini tu kama koperative iko na akiba ya dola 400. Sanduku likiwa tupu, ile bei ndogo ni mtego.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni mambo manne:

1. Nini kinalindwa? Kuna asiransi inayolipa tu hasara mliyowafanyia wengine. Bei yake ni ndogo, lakini boti yenu ikizama hamlipwi. Ulizeni pia juu ya wasafiri na mizigo, msifikiri vimo.

2. Motere italipwa kwa bei ya mpya, ao kwa bei ya leo ikiisha kuchakaa?

3. Boti inalindwa wapi na saa gani? Usiku je? Ikifungwa ufukoni bila mlinzi je?

4. Kampuni itakataa kulipa lini?

Hili la nne lisomeni mara mbili. Mara nyingi mapatano yanakataa boti iliyobeba kupita kiasi, ao isiyo na karatasi za kusafiri. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Wengi walikufa. Hakuna asiransi inayorudisha mtu, na boti iliyojazwa namna ile inaweza kukosa hata malipo.

Basi, pigeni rangi alama ya mwisho wa mzigo ubavuni mwa boti, andikeni kila safari kwenye daftari, na kila mtu avae jile. Daftari hilo ndilo litakalowatetea siku ya kudai.

Kwenye mkutano mkuu, someni mapatano kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wanamemba wote. Makuta ni yao, boti ni yao. Wajue wananunua nini.